Macho, magoti, ngozi: Ugonjwa wa utumbo usiokaa utumboni

"Choo chako kikoje?"

Aliyeniuliza hivyo alikuwa daktari wa macho. Wa macho, sio wa tumbo. Nilikuwa nimeketi kwenye kile kiti chao, kidevu kimewekwa juu ya kijichuma, taa nyembamba inanichoma jicho la kushoto hadi machozi yananitiririka. Hiyo ilikuwa siku ya tisa jicho likiwa jekundu. Matone niliyouziwa dukani hayakuwa yamesaidia kitu, na nilikuwa nimepanda matatu kwenda pale nikiwa na miwani ya jua saa kumi na mbili jioni, abiria wakinitazama kama msanii aliyefilisika.

Nikacheka. Daktari hakucheka. Akazima ile taa, akasogeza kiti. "Kijana, nakuuliza vizuri. Unaenda choo mara ngapi kwa siku? Kuna damu? Magoti je? Mgongo?"

Nilikuwa nimemaliza mwaka mzima na zaidi nikitibiwa vitu tofauti na watu tofauti, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza hilo swali la kwanza. Mimi pia sikuwa nimemwambia yeyote. Nani huanza stori na choo?

Wacha nirudi nyuma. Ilianza na goti. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, naishi Umoja, na kila Jumamosi tulikuwa na mechi ya mtaa. Jumapili moja nikaamka goti la kulia limefura kama andazi. Sikumbuki kugongwa na mtu, lakini ukicheza mpira kila maumivu ni ya mpira, kwa hivyo nikaenda duka la dawa nikauziwa ibuprofen. Likakataa. Kliniki ya mtaani wakanidunga sindano ya diclofenac, likashuka, nikarudi uwanjani. Wiki chache baadaye ikawa kifundo cha mguu wa kushoto. Halafu goti tena. Kila mara sindano, kila mara "jeraha la mpira, pumzika".

Kisha vikaja vivimbe. Mbele ya miguu, kwenye muundi, vinne au vitano, vikubwa kama sarafu ya shilingi ishirini, vigumu, na shuka likivigusa tu unaruka. Nikaamua ni kunguni. Nilinunua dawa nikamwaga keja nzima, godoro likaanikwa nje siku mbili, na jamaa niliyekuwa naishi naye hajawahi kunisamehe. Kunguni hawakuwepo.

Tumbo nalo lilikuwa limeanza vituko vyake wakati huo huo. Kuendesha, kutulia wiki mbili, kuendesha tena. Nikapimwa nikaambiwa taifodi. Mara nyingine amiba. Mara nyingine zote mbili, na kama umekulia Nairobi unajua hiyo si habari ya kushtua mtu, ni kama kuambiwa una vidole kumi. Nilikunywa dawa za amiba hadi ulimi ukawa na ladha ya chuma. Kilo zikapotea. Damu nilipoiona nikajiambia ni pilipili ya kibanda.

Kwa hivyo goti lilikuwa la mpira, miguu ilikuwa ya kunguni, tumbo lilikuwa la amiba, na jicho ni ule ugonjwa wa macho mekundu unaoshika watu. Mwili mmoja, kesi nne. Yule daktari wa macho ndiye wa kwanza kuuliza kama ni kesi moja. Aliandika barua, akanipa matone ya kuzima moto machoni na mengine ya kupanua mboni, akaniambia barua nisiikalie.

Baada ya vipimo vya damu, kipimo cha choo, na kolonoskopi (kamera inayoingizwa kupitia njia ya haja kubwa; kamera yenyewe si mbaya, kibaya ni zile lita za dawa ya kusafisha tumbo unazokunywa usiku wa kuamkia), jina likapatikana. Ugonjwa wa Crohn.

Hapa niseme kitu kuhusu majina kwa sababu watu huchanganya. Mtaani kila maumivu ya tumbo ni "vidonda vya tumbo". Vile ni vya tumbo lenyewe na mwanzo wa utumbo mwembamba, na mara nyingi husababishwa na bakteria au dawa za maumivu. Kuna pia lile tumbo linalojaa gesi na kukaza ukiwa na wasiwasi, linasumbua kweli, lakini kamera ikiingia haikuti kidonda. Ninachozungumzia hapa ni kundi lingine, madaktari hulifupisha IBD, na lina ndugu wawili wakubwa. Mmoja ni Crohn, lililoitwa hivyo kutokana na Burrill Crohn, daktari wa New York ambaye pamoja na wenzake wawili aliandika kulihusu mwaka wa 1932. Huyu anaweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi mwisho wa safari, ila anapenda sana pale utumbo mwembamba unapokutana na mpana. Wa pili ni kolaitisi ya vidonda, anayekaa kwenye utumbo mpana, akianzia chini akipanda juu. Kwa miaka mingi wote wawili walihesabiwa kuwa magonjwa ya Ulaya na Marekani. Sasa wanaongezeka kwenye nchi ambazo hazikuwa zinawajua, hasa mijini, na mara nyingi huanza kati ya umri wa miaka 15 na 35. Yaani sisi.

Katika yote mawili kinga ya mwili inashambulia utumbo wenyewe. Na swali ni lile nililojiuliza kwenye kiti cha daktari wa macho. Utumbo uko chini huku, jicho liko juu kule. Nani amewaunganisha?

Kama ulikuwa katikati ya jiji Juni 2024, unajua kitoa machozi hakisomi anwani. Kinarushwa barabarani kwa ajili ya vijana wenye mabango, na dakika tano baadaye mama anayeuza nguo ghorofa ya tatu jengo la pili anakohoa, na yeye hakuwa na bango. Utumbo ndio kambi kubwa ya askari wa kinga mwilini, kwa sababu kila siku unapitisha vyakula na mabilioni ya bakteria. Askari wakianza fujo pale, wanatoa kemikali za kuwasha moto, mojawapo inaitwa TNF, na hizo zinaingia kwenye damu. Damu inafika gotini. Inafika machoni. Pia askari wenyewe, wale waliofunzwa utumboni, wanaweza kusafiri na kuanzisha fujo mahali pengine. Na kuna suala la kurithi: baadhi ya jeni zinazomweka mtu hatarini kupata IBD ndizo hizo hizo zinazohusika na magonjwa ya uti wa mgongo na macho.

Hili si jambo la wachache. Madaktari hukadiria kuwa kati ya robo na nusu ya wagonjwa wa IBD hupata angalau tatizo moja nje ya utumbo wakati fulani. Na utafiti mkubwa wa wagonjwa wa Uswisi ulikuta kwamba miongoni mwa waliopata matatizo hayo, karibu robo yaliwaanza kabla hata hawajajua wana IBD. Nilipoelezwa hilo nilihisi afadhali kidogo. Nilidhani ni mimi nilikuwa mjinga.

Viungo ndivyo vinavyoongoza. Kuna aina inayoshika viungo vichache vikubwa, goti, kifundo cha mguu, na hii inafuata utumbo: tumbo likichafuka, goti linafura, tumbo likitulizwa, goti nalo linatulia, mara nyingi bila kuacha kilema. Hiyo ndiyo yangu. Kuna nyingine inayoshika viungo vidogo vingi, vidole vya mikono hasa, na yenyewe haijali tumbo liko vipi. Inaweza kukaa miezi, hata miaka.

Halafu kuna mgongo, na hapa nataka kila mtu anayesoma asimame kidogo, kwa sababu vijana wangapi mnalalamika mgongo? Mgongo wa kubeba mizigo au kukaa vibaya kwa kompyuta huuma ukifanya kazi na hupata nafuu ukilala. Huu mwingine ni kinyume. Unakuamsha saa tisa usiku. Asubuhi umekauka kama mbao, nusu saa nzima au zaidi, halafu ukitembea tembea unalegea. Maumivu yako chini kabisa, karibu na makalio, wakati mwingine upande mmoja, wakati mwingine yanahama. Dan Reynolds, yule mwimbaji wa Imagine Dragons, ameeleza hadharani kwamba ana kolaitisi ya vidonda na pia ugonjwa wa kukaza uti wa mgongo. Jamaa anayeruka jukwaani bila shati! Na usipotibiwa, baada ya miaka mifupa ya uti inaweza kuungana, na hiyo hairudi.

Sasa ile ibuprofen na zile sindano. Dawa za kundi hilo zinaweza kuuchokoza utumbo wenye IBD na kuuwasha upya. Siwezi kuapa kwamba zangu ndizo zilizoharibu mambo. Hata daktari wa tumbo aliniambia hakuna anayeweza kuthibitisha. Lakini ukiangalia kalenda yangu, kila goti lilipotibiwa, tumbo lililipa. Na kitu kinachoniuma hadi leo ni urahisi wake. Unaingia dukani, unasema "nipe kitu cha goti", unatoka na karatasi ya vidonge vya mia moja. Hakuna anayeuliza kitu, na wewe pia hutaki kuulizwa.

Tukirudi kwa macho, kuna jekundu na jekundu. Aina moja inashika ngozi nyembamba ya juu ya jicho, linawasha, linakuwa jekundu, lakini unaona vizuri, na kwa kawaida linafuata hali ya tumbo. Aina ya pili, uveaitisi, inashika ndani. Jicho linauma kwa kina, mwanga unakuwa adui, mbele kunakuwa na ukungu. Hii inaweza kuja hata tumbo likiwa limetulia kabisa, na ikicheleweshwa inaweza kula uwezo wa kuona. Mwanzoni mwa 2024, wakati macho mekundu yalipozagaa Mombasa, kila jicho lilipewa jina hilo moja, na kwa wengi ilikuwa sawa. Lakini ule wa kuambukiza mara nyingi huleta tongotongo na huwasha zaidi ya kuuma. Ukiona mwanga unakuchoma na maandishi yanafifia, hilo si la kusubiri wiki, na si la kununulia matone ya stiroidi kwa kukisia, kwa sababu kama ni maambukizi, matone hayo yanaweza kuyalisha. Ni la daktari wa macho, leo au kesho.

Vile vivimbe vya miguuni vina jina, erithema nodosamu, na jina lenyewe linasema wekundu. Hapo ndipo tatizo lilipo kwetu. Picha nyingi vitabuni ni za miguu ya watu weupe yenye mabaka ya waridi. Kwenye ngozi kama yangu huoni wekundu wowote. Unaona weusi zaidi, au rangi kama ya zambarau iliyokomaa, na wakati mwingine huoni kitu, unagusa tu ndio unajua. Kila aliyeniangalia alisema nimeumwa na mdudu. Vikipona huacha alama nyeusi zinazochukua muda kufifia. Nilivaa suruali ndefu mwaka mzima.

Kuna kingine cha ngozi ambacho mimi sijapata na naomba nisipate, pioderma gangrenosamu. Kinaanza kama chunusi au kidonda kidogo, halafu kinafunguka haraka, kirefu, kingo zake za zambarau, maumivu makali kuliko ukubwa wake. Cha ajabu ni kwamba kukikata na kukikwangua, jambo ambalo mtu yeyote angefanya kwa kidonda kibaya, kunaweza kukifanya kipanuke. Kinga ndiyo inayokila, na inatakiwa kutulizwa, sio kuchokozwa. Ndio maana anayekitibu anahitaji kujua kuhusu utumbo kabla hajashika kisu.

Mdomoni huja vidonda vidogo vyeupe vya maumivu. Vile kila mtu hupata mara moja moja, lakini vikija makundi makundi kila tumbo likichafuka, ni barua kutoka kule kule.

Damu ndiyo ilinifanya niache chuo, ukitaka kujua. Sikufukuzwa. Kidonda cha utumbo kinavuja kidogo kidogo kila siku, madini ya chuma yanaisha, na moto wa mwilini unafanya hata chuma kidogo ulichonacho kifungiwe stoo kisitumike. Kama ugonjwa umeshika mwisho wa utumbo mwembamba, kama kwangu, pale ndipo vitamini B12 huingilia mwilini, kwa hivyo nayo inapungua. Matokeo ni uchovu ambao kulala hakuutatui. Nilikuwa napanda ngazi hadi ghorofa ya pili na moyo unagonga kama ngoma. Nilikosa mitihani, nikaahirisha semista, nikaahirisha nyingine, halafu karo ikawa imegeuka pesa ya kolonoskopi. Wenzangu waliamini nimeingia kwenye kamari au pombe. Sikuwasahihisha. Pombe ilionekana stori yenye heshima kuliko choo.

Damu hiyo hiyo, ajabu yake, inapenda pia kuganda. Mtu mwenye IBD ana hatari mara mbili hadi tatu zaidi ya wengine ya kupata damu iliyoganda kwenye mshipa, na hatari inapanda zaidi ugonjwa ukiwa umewaka au ukiwa umelazwa. Ndio maana hospitalini unaweza kudungwa dawa ya kuzuia damu kuganda huku unaendesha damu, na ukadhani daktari amechanganyikiwa. Hajachanganyikiwa. Ukisafiri na basi la usiku kwenda Busia au Malindi, shuka unyooshe miguu likisimama, kunywa maji, na kama ndama moja ya mguu imefura na kuuma peke yake, au pumzi imekatika ghafla, hiyo ni hospitali moja kwa moja.

Ini nalo linaweza kuingizwa. Kuna ugonjwa unaokausha na kubana mirija ya nyongo, na wengi wanaoupata wana IBD pia, hasa kolaitisi ya vidonda. Unaingia kimya kimya, mara nyingi unaonekana kwanza kwenye vipimo vya damu, na unaongeza hatari ya saratani ya mirija hiyo na ya utumbo mpana, kwa hivyo wenye ugonjwa huo huchunguzwa kwa kamera kila mwaka. Mawe ya figo na ya nyongo nayo yamo, zaidi kwa watu wa Crohn. Mifupa hupungua nguvu. Kwa watoto, wakati mwingine dalili ya kwanza ni kwamba mtoto harefuki, au balehe imechelewa, na nyumbani wanasema tu amefuata babu yake aliyekuwa mfupi.

Kabla ya kupewa dawa kali nilipimwa TB. Nikapimwa tena. Nilikasirika, sikuwa nakohoa. Lakini TB ya utumbo hupenda kona ile ile anayoipenda Crohn, na dalili zinafanana hadi kwenye kamera: kukonda, homa, jasho la usiku, vidonda. Kwa nchi kama yetu ambako TB bado iko, daktari asiyejiuliza hilo swali anacheza na maisha yako, kwa sababu ukimpa mwenye TB dawa za kushusha kinga umeifungulia mlango. Hata zile sindano mpya za kuzima TNF, kama infliximab na adalimumab, haziruhusiwi kuanza kabla ya kutafuta TB iliyolala.

Dawa zenyewe pia zinatembea mwili mzima, na hilo hakuna anayekuandaa. Prednisolone ilinizimia moto ndani ya wiki mbili, goti likasahaulika. Uso pia ukaniumuka, mashavu mviringo, chunusi, njaa ya saa nane usiku, usingizi hakuna. Mtaani wakaniambia, "Buda, maisha imekubali!" Nilikuwa mgonjwa kuliko siku zote na naonekana nimeomoka. Ukizitumia muda mrefu zinakula mifupa, na ukiziacha ghafla unaweza kuzimia, kwa sababu tezi zinazotengeneza homoni hiyo mwilini zilikuwa zimelala. Zinapunguzwa polepole. Sulfasalazine hugeuza mkojo uwe wa rangi ya machungwa, na kwa wanaume hupunguza mbegu hadi utakapoiacha. Methotrexate haitumiki kwa mwenye mimba au anayepanga kuipata. Mimi niko kwa azathioprine na napimwa damu mara kwa mara, kwa sababu inaweza kushusha seli nyeupe.

Hayo ya mbegu na mimba nimeyataja makusudi. Tuna miaka ishirini na kitu, tunapendana, na hakuna kitabu cha namna ya kumwambia msichana kwenye miadi ya tatu kwamba una ugonjwa wa utumbo na usicheke nikitoroka katikati ya filamu. Nina ramani ya vyoo vyote vya katikati ya jiji kichwani, vya shilingi kumi na vya ishirini, kipi kina sabuni, kipi hufungwa saa mbili. Msongamano wa Jogoo Road kwangu ni swali la hesabu. Ukiishi hivyo muda mrefu, kichwa nacho kinachoka. Wasiwasi na huzuni nzito huwapata wenye IBD zaidi kuliko watu wengine, na nimejifunza kumwambia daktari hilo kama ninavyomwambia kuhusu goti.

Kwa mashabiki wa Manchester United nina mtu mmoja. Darren Fletcher, aliyekuwa kiungo wa klabu hiyo na nahodha wa Scotland. Mwaka wa 2011 alipotea uwanjani, mashabiki wakaambiwa ni virusi. Desemba ya mwaka huo klabu ikasema ukweli: kolaitisi ya vidonda, anapumzika kwa muda usiojulikana. Alikuwa ameuficha. Januari 2013 alifanyiwa upasuaji, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amerudi uwanjani. Shinzo Abe, aliyekuwa waziri mkuu wa Japan, alikuwa nao tangu ujana wake. Agosti 2016 alikuwa hapa Nairobi, KICC, kwa mkutano wa Japan na Afrika; Agosti 2020 akatangaza kujiuzulu kwa sababu ugonjwa ulikuwa umerudi. Mtu anaweza kuongoza nchi nzima na bado utumbo ndio ukaamua ratiba.

Kitu ambacho ningetaka ningeambiwa mapema ni kidogo sana. Piga picha. Vivimbe vya miguu na goti lililofura vina tabia ya kutoweka siku ya miadi, lakini simu inakumbuka, na tarehe iko pale. Weka picha za macho, za vidonda vya mdomo, andika na siku tumbo lilichafuka. Ukienda kwa daktari wa viungo, mwambie choo. Ukienda kwa daktari wa ngozi, mwambie choo. Kama kuendesha kumepita wiki nne, au kuna damu, au choo kinakuamsha usiku, au unakonda bila kujaribu, usikubali taifodi ya tatu bila kuuliza kama kuna kipimo cha choo kinachoonyesha uvimbe wa utumbo. Kipo, kinaitwa kalprotektini. Hakisemi ni ugonjwa gani, lakini kinasaidia kujua kama kamera inahitajika. Kama kwenu kuna mtu mwenye IBD, sema pia. Na kama unavuta sigara na una Crohn, acha. Sigara huuzidishia nguvu.

Goti langu limetulia mwezi wa saba sasa. Jicho lilirudi mara moja, nikalikamata siku ya kwanza.

Juzi binamu yangu aliweka picha ya miguu yake kwenye grupu ya WhatsApp ya familia, anauliza kama kuna mtu anajua mafuta ya kupaka alama za mbu. Vivimbe vitatu vyeusi, mbele ya muundi. Shangazi akasema aloe vera. Mwingine akasema maji ya chumvi. Mimi nikamwandikia pembeni, nikafuta, nikaandika tena: "Samahani kwa swali, lakini choo chako kikoje siku hizi?"

Alinitumia emoji nne za kucheka. Baada ya saa nzima akapiga simu, akauliza kama mathe wake yuko karibu na mimi. Nikamwambia niko peke yangu. Tuliongea dakika arobaini.